Pedali Chini ya Kikapu

Mimi nilitaka kutangaza keria tu. Keria, basi. Ile fremu ya chuma ambayo mume wangu aliichomelesha juu ya paa la gari ili abebe ngazi na mitungi yake ya gesi, maana yeye ni fundi friji na gari ndilo karakana yake. Bima ilikuwa inakaribia kuisha, na kampuni ilikuwa imeleta masharti mapya: ukibadilisha chochote kwenye gari lako, useme. Usiposema, siku ya ajali usije ukalia kwao. Hayo niliambiwa kwa simu na dada wa mapokezi, tena kwa sauti tamu, sauti ya mtu anayekutandikia mkeka huku anajua una mwiba.

Nikasema. Mimi ni mtu wa karatasi. Nina duka la kutoa kopi na kupiga picha za vitambulisho, na ukidumu kwenye kazi hii hutamwamini tena hata malaika. Nimeletewa vyeti vya kuzaliwa vya watu wazima ambavyo wino haujakauka. Nimeletewa picha ya harusi na bwana harusi mwenyewe, ananiomba nimfute mtu aliyesimama pembeni. Kwa hiyo mtu akiniambia "hakuna kitu", hapo ndipo naanza kutafuta.

Kumbe nyumbani kwangu mwenyewe nilikuwa nimelala fofofo.

Mkaguzi waliyemtuma nilimpa jina la Tochi kabla hajamaliza kulizunguka gari. Mchana kweupe, jua linapasua vichwa, na yeye anamulika. Alimulika keria, akaipiga picha. Akamulika matairi. Akamulika springi za nyuma, akaguna. Kila akiguna na mimi naguna, ajue sikusimama pale kama pambo. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka langu. Mume wangu, Baba Pacha, alikuwa ameniachia asubuhi akaenda kwa mteja wa mtaa wa pili kwa miguu.

"Mabadiliko ni keria tu?" Tochi akauliza.

"Keria tu."

"Una hakika, mama?"

"Baba, gari hili nalijua kama sufuria zangu."

Akafungua mlango wa abiria wa mbele. Pale chini palikuwa na kikapu cha mama mkwe wangu, kile cha nyuzi zake za kufumia, ambacho hukaa hapo siku zote utadhani kimeota mizizi. Tochi akakitoa, akakiweka kando kwa adabu, akainua mpira wa kukanyagia. Akainama. Akanyamaza. Mtu wa kuguna akinyamaza, ujue kuna jambo.

"Na hii je?"

Nikachungulia. Pedali. Pedali ya breki, nzima, imefungwa kwa nati, na chuma kinachopita chini ya dashibodi mpaka upande wa dereva. Upande wa abiria, jamani! Tochi akaibonyeza kwa mkono, na kule kwa dereva mwenzake ikashuka.

"Hili ni gari la shule ya udereva," akasema.

"Shule gani? Hili ni gari la fundi friji."

"Ndivyo mlivyotuambia. Kumbe mnafundisha watu udereva kwa bima ya kubebea mitungi. Siku mwanafunzi akigonga mtu, tulipe sisi. Mama, mimi si wa jana."

Nikabaki nimeshika mlango. Akaniambia bima haitakatwa mpaka mwenye gari na dereva wake wafike ofisini Jumamosi asubuhi, waeleze pedali ile ni ya nini na nani anaikanyaga. Wasipofika, au maelezo yakiwa ya kupapasapapasa, gari halina bima, na gari lisilo na bima halitoki uani. Na gari letu likilala, nyumba yetu imelala. Friji haibebwi kichwani.

Alipoondoka nilirudi dukani nikakaa nyuma ya mashine yangu, nikaanza kuunganisha mambo. Kwanza mume wangu. Baba Pacha alikuwa amebadilika. Unamwita, anatazama ukuta. Unamsimulia habari, katikati anakuacha: mwili upo, macho yameenda safari, vidole vinachezea kifungo cha shati. Kisha anarudi, anasema, "Ehe?" Chai imeshamwagika mezani. Miezi yote hiyo nilikuwa nikijiambia ni uchovu. Sasa nikajiambia, mjinga wewe, mtu akiwaza mtu ndivyo anavyokuwa. Kuna mwanamke. Anafundishwa gari. Gari langu mimi!

Halafu nikamkumbuka mama mkwe, na hapo mahesabu yakagoma. Mama mkwe wangu ni mwalimu wa udereva mstaafu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu. Amefundisha nusu ya madereva wa mji huu, na nusu nyingine anawatukana kila wakipita. Aliacha kazi baada ya kuvunjika bega la kulia. Mpaka leo mkono ule haupandi juu ya kifua, usukani hauwezi. Ila miguu na mdomo viko salama salimini.

Na tangu mvua zilipoanza alikuwa amenipokonya kiti cha mbele. Sisemi uongo. Siku moja tu nilitoka nyumbani nikamkuta amekaa, amefunga mkanda, kikapu miguuni, viatu vya mpira miguuni badala ya ndala zake. "Magoti yangu hayapendi nyuma," akasema. Mimi nikaenda kukaa nyuma na watoto, mke mwenye nyumba nimebanwa katikati ya pacha wawili kama soseji. Kisha akaanza kufuatana na mwanawe hata kwenye kazi. Friji imeharibika mjini, Mwalimu yumo. Friji imeharibika nje ya mji, Mwalimu yumo. Ukimuuliza, anapunga upepo.

Kwa hiyo si mwanamke, nikasema. Au yuko mwanamke na mama anawafunika. Au wanaendesha shule ya siri, mama anafundisha na mwana anakusanya, na mimi nimeachiwa kwenda kula kiapo cha keria. Vyovyote iwavyo nilikuwa nimezungukwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni nikamkuta Mwalimu jikoni anamenya vitunguu.

"Mama," nikamwambia, "mle kwenye gari, chini pale unapokaa, kuna nini?"

"Kikapu."

"Kwenye kikapu?"

"Nyuzi."

"Na chini ya kikapu?"

"Mpira."

"Na chini ya mpira, Mama?"

Akaweka kisu. Machozi ya vitunguu yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono mzima. "Mama Pacha, mimi nimestaafu lakini mtu akitaka kufundishwa siwezi kumfukuza. Nimechukua wanafunzi wawili watatu. Usilikuze jambo."

Sawa. Nikamvizia mume wangu bafuni, anapiga mswaki, povu mdomoni, hawezi kukimbia. "Pedali ile ni ya nini?"

"Ya usalama," akasema. "Barabara siku hizi mbaya. Mama ana woga, nikamwekea ajifariji."

"Mwalimu ana woga? Mama aliyemfundisha dereva wa zimamoto?"

Akasukutua. Akasukutua tena. Mtu gani anasukutua hivyo?

Mama anasema wanafunzi, mwana anasema woga. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hawa wawili hawakuwa wamekubaliana hata waelekee wapi. Nikalala nimewapa mgongo wote wawili, yeye kitandani na mama yake ng'ambo ya ukuta.

Jumamosi ilipofika nikaamua kukata mzizi wa fitina. Tulikuwa tunakwenda wote ofisi ya bima, kwa sababu pacha hawakuwa na shule na hakukuwa na wa kuwaachia. Mmoja tunamwita Maswali, mwingine Kimya, na ukikaa nao muda mfupi hutauliza kwa nini. Nilitangulia kutoka. Nikatoa kikapu, nikakitupa kwenye buti, nikakaa kiti cha mbele, nikafunga mkanda.

Mwalimu akatoka na viatu vyake vya mpira. Akaniona. Akasimama.

"Shuka hapo, mwanangu."

"Magoti yangu nayo leo hayapendi nyuma, Mama."

"Mama Pacha, sitanii. Shuka."

"Nimeolewa na gari hili likiwa na kiti kimoja cha mke. Ndicho hiki."

Baba Pacha alikuwa ameshika mlango wake, haingii. Akamtazama mama yake, na mama yake akamtazama yeye, na mimi nikawatazama wote wawili nikasema moyoni, haya, leo mtasema. Mwalimu akataka tuchukue teksi. Nikamuuliza teksi ya nini na gari lipo. Akasema basi mwanawe abaki, mimi na yeye twende kwa miguu. Nikamwambia aliyeitwa ni dereva. Hapo Baba Pacha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, si mbali. Niko sawa leo. Kaa nyuma tu."

Niko sawa leo. Niliyasikia maneno hayo na nikayaacha yapite, kwa hasira niliyokuwa nayo.

Mwalimu akaingia nyuma katikati ya wajukuu. Hakuegemea. Alikaa ukingoni mwa kiti, kichwa amekiingiza katikati ya viti vyetu viwili, pumzi yake naisikia shingoni. "Kanyagio liko mbele ya mguu wako wa kushoto," akaniambia sikioni. "Weka mguu juu yake, usikandamize." Nikamwambia sitaki masomo. Niliacha kujifunza gari kwake kabla sijaolewa, siku aliponiambia mbele ya watu kwamba nashika usukani kama nakamua nguo. Niliapa sitakaa tena chini ya mdomo wa mama yule.

Lakini mguu niliuweka. Sijui kwa nini. Labda nilitaka tu kulijua lile dude.

Tulikwenda vizuri. Tulipita sokoni, tukapita kituo cha mafuta, Baba Pacha anaendesha kwa upole, ananieleza habari ya jokofu la bucha lililokataa kugandisha. Ofisi ya bima ilishaonekana kule mbele, jengo la vioo, na katikati yetu na lenyewe kulikuwa na kivuko. Watu walikuwa wameanza kuvuka: mama na mtoto mgongoni, mzee na baiskeli anaikokota, wasichana wanacheka.

"Nikamwambia kompresa hiyo," Baba Pacha akasema, "kompresa hiyo ime..."

Akaacha.

Nikangoja amalizie. Nikamgeukia. Macho yalikuwa wazi, yanatazama mbele, na mwenyewe hayumo. Mdomo unatafuna na hakuna kitu. Mkono wa kulia uko kwenye usukani, wa kushoto umeshuka, unachezea kifungo cha shati, polepole, vile vile kama mezani. Na gari linakwenda.

"Baba Pacha," nikasema. "Baba Pacha!"

"KANYAGA!" Mwalimu akapiga kelele kwenye sikio langu. "Mguu wa kushoto! Kanyaga mpaka mwisho, mwanangu, kanyaga!"

Nikakanyaga. Nilikanyaga kwa mwili mzima, kisogo kimebana kiti. Gari likatetemeka, likakoroma, likazima. Ngazi ikapiga paa. Mzee wa baiskeli alikuwa amesimama mbele ya boneti, karibu kiasi kwamba niliona kifungo kilichokosekana kwenye koti lake. Akatutukana tusi moja zuri, akaendelea kukokota.

Mwalimu mkono wake mzima ulikuwa umeshaupita mwili wangu, umevuta breki ya mkono. Nyuma Kimya alikuwa analia bila sauti.

Kisha mume wangu akapepesa macho. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanitazama mimi.

"Mbona tumesimama?" akauliza.

Lo! Nimeulizwa mengi maishani. Hilo lilinikata maini.

Tulilisukuma gari kando. Mwalimu ndiye aliyesema, tumesimama kwenye kivuli cha ukuta, magari yanatupita. Alianza kumwona mwanawe akipotea hivyo hata kabla ya mvua. Mara ya kwanza gari liliingia kwenye ua wa jirani, taratibu, wakasema breki. Mara ya pili Mwalimu hakudanganyika. Akamburuta kwa daktari. Daktari akasema ni kifafa, si kile cha kuanguka, ni cha kupotea, na kina dawa, ila mpaka dawa ishike asiguse usukani. Baba Pacha akatoka mlangoni kwa daktari akawasha gari akarudi nalo nyumbani. Dawa hakuichukua. Akamwapisha mama yake asiseme.

"Nikamwambia nitasema," Mwalimu akaendelea. "Akaniambia, Mama, wakijua wateja, nani atamfungulia mlango mwenye kifafa na mtungi wa gesi? Akalia. Mtoto wangu, mtu mzima, analia. Basi nikaenda kwa fundi wa ile shule yetu, nikang'oa pedali kwenye gari bovu, nikamwambia mwanangu, ukiendesha, naendesha."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa yanavuma. "Na wanangu mkawa mnawapakia nyuma! Kila siku! Mimi nimekaa pale kama mzigo, sijui lolote, nyinyi wawili mnajua!"

"Ndiyo maana nilikaa mbele," akasema.

Miezi yote ile nilidhani mama yule amenipokonya kiti. Alikuwa amekaa na mguu juu ya pedali, kufuma hafumi, upepo hapungi, macho kwenye vidole vya mwanawe, akingoja viende kwenye kifungo. Nilikuwa na haki ya kumkasirikia, na bado ninayo. Lakini nilitaka pia kumshika miguu.

Baba Pacha alikuwa amechuchumaa, anafuta kioo cha taa ya mbele ambacho hakikuwa kichafu. "Mama Pacha," akasema bila kuinuka, "pale ofisini, Mama aseme ni ya kufundishia. Yule mkaguzi ndivyo anavyotaka kusikia. Tutatoka na bima. Dawa nitameza, naapa. Nikiacha gari nitawalisha nini?"

"Mficha maradhi kilio humfichua," nikamwambia.

"Najua. Mara hii tu."

Tukalifunga gari, tukawashika watoto mikono, tukatembea mpaka kwenye jengo la vioo.

Tochi alikuwa nyuma ya meza yake, tochi kwenye mfuko wa shati, mbele yake picha za gari letu zimepangwa kwenye kompyuta. Alitutazama mmoja mmoja, mpaka pacha. Kisha akageuza kioo tuone. Pedali yetu imejaa kioo kizima, na uzi wa kufumia umejinasa kwenye nati.

"Haya. Nani anaikanyaga?"

Mwalimu akajinyoosha kwenye kiti. "Mimi. Ni mwalimu wa udereva mstaafu. Nachukua mwanafunzi mmoja mmoja."

"Nilijua!" Tochi akapiga meza. Uso ukamng'aa, maskini, mtu wa kushuku akipatia hufurahi kama mtoto. Mimi namjua huyo ndani nje. "Nilimwambia mama huyu hapa, hili ni gari la shule. Basi hakuna ubaya, jambo limesemwa. Tutabadilisha matumizi, mtaongeza kidogo, mtatoka na bima yenu leo hii." Akaanza kupiga herufi. Baba Pacha akashusha pumzi. Mguu wake ukagusa wangu chini ya meza, kunishukuru.

"Pedali ya pili, kufundishia," Tochi akasoma. "Keria. Springi. Kuna badiliko lingine lolote?"

Jambo rahisi namna hiyo. Kusema "hakuna", tukaenda zetu. Wangapi wamesimama mbele ya mashine yangu wakaniambia "hakuna kitu" kwa macho makavu? Nikawatazama pacha. Maswali alikuwa amemshika baba yake kidole na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa anauliza. Kimya alikuwa anakitazama kifungo cha shati la baba yake. Alikuwa anakilinda. Mtoto yule alikuwa ameshajua pa kutazama.

"Lipo," nikasema.

"Lipi?"

"Dereva. Dereva naye amebadilika."

Nikaeleza yote. Kivuko, mzee wa baiskeli, daktari. Nilieleza nikitazama meza, kwa sababu upande wangu wa kulia nilisikia kiti kinasukumwa nyuma. Baba Pacha alisimama, akasema neno moja tu, "Umenimaliza," akatoka. Nikamwona kupitia vioo amekaa kwenye ngazi za jengo, amejishika kichwa, mtu wangu. Nililia pale pale mbele ya Tochi. Sina haya ya kusema.

Tochi alikuwa ameacha kupiga herufi. Aliitoa tochi mfukoni, akaiweka mezani, akaigeuzageuza.

"Ungekaa kimya ningepitisha," akasema.

"Najua."

"Yeye gari halishiki tena, mpaka daktari aandike kwamba anaweza."

"Najua."

"Bima naweza kuikata kwa jina la dereva mwingine. Mnaye?"

Mwalimu akainua mkono wake wa kulia, ukaishia kifuani. Kisha polepole akanigeukia mimi. Mimi nikatazama dari.

"Huyu," Mwalimu akasema. "Anashika usukani kama anakamua nguo. Lakini leo nimeuona mguu wake. Andika ni gari la kufundishia. Si uongo tena."

Nisiseme kwamba mambo yalikwenda kama maji baada ya hapo. Baba Pacha alinuna mpaka nikazoea kula na mtu aliyenuna. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka kikombe cha maji na kidonge, na nasimama mpaka ameze, na nilikuwa namwambia afungue mdomo nione. Ndiyo, namshuku, nimeolewa naye, nina haki. Na Mwalimu alinifundisha vile vile kama zamani. Aliniita bumunda. Aliniita kontena. Kila nikikosea gia alikuwa anakanyaga ile pedali yake kwa nguvu ya kunikomoa, mpaka paji langu la uso likakaribia usukani. Niligombana naye mitaa yote ya mji huu. Nikarudi kila siku.

Leseni yangu ilikuwa bado inanukia mashine ya kuitengeneza siku tulipoitwa kwa mwenye bucha, jokofu limekataa tena. Mimi usukanini, Mwalimu mbele na kikapu chake, Baba Pacha nyuma na pacha na mkoba wa vifaa mapajani. Siku hizo alikuwa ameshaanza kuongea nami, ila kwa kifupi.

Nilikuwa sijawahi kuendesha bila kuusikiliza mguu wa Mwalimu. Kila kona nilikuwa najua uko pale juu ya pedali, unaningoja nikosee. Hiyo ilinikera, na bila hiyo nisingethubutu. Tukafika kwenye taa. Nikapunguza, nikasimama vizuri.

"Mbona tumesimama?"

Ilikuwa sauti ya Baba Pacha kutoka nyuma. Nikamtafuta kwenye kioo. Alikuwa anapepesa macho, na Kimya alikuwa amemshika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, kimyakimya, mbali na kifungo. Alikuwa amekwenda na amerudi. Gari zima halikujua.

"Taa nyekundu, Baba Pacha," nikamwambia.

"Ahaa." Akaegemea. "Basi sawa. Endesha, mama."

Nikageuka kumtazama Mwalimu, nimpe ishara kwamba nimeona, tutamwambia daktari. Alikuwa amevua viatu vya mpira. Miguu ameikunja juu ya kiti, mbali kabisa na pedali, kichwa kimeangukia dirishani. Nikamshuku anajifanya, ananipima. Namjua yule mama. Nikamsogelea, nikasikiliza. Alikuwa anakoroma.

Taa ikawa kijani. Nikaachia klachi taratibu, nisimwamshe.